Ncha iko wapi? Mwongozo wa kupiga sindano ya kortizoni kwenye goti

Kila kundi la stajieri (madaktari walio mafunzoni) linalokuja kwetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, lina maswali yale yale. "Dokta, kati ya Kenacort na Depo-Medrol ipi ina nguvu?" "Niweke mililita ngapi?" "Mama wa jana hakupata nafuu, nimwongezee dozi?" Nimeyajibu kwenye korido, chai mkononi, hadi nimechoka, na lile swali ambalo lingefaa kutangulia karibu haliulizwi: nitajuaje kwamba ncha ya sindano ilikuwa ndani ya kiungo, si kando yake? Dawa nzuri ikimwagwa kwenye mafuta ya goti, umetibu mafuta.

Ninaandika kwa ajili yako wewe daktari mchanga, na wewe muganga wa kituo cha afya unayefanya kazi chini ya daktari aliyekwisha kukuonyesha kwa mikono yake. Karatasi haifundishi vidole, itakukumbusha tu. Kama wewe ni mgonjwa, soma ujue unachofanyiwa na uwe na la kuuliza. Usikubali kupigwa sindano ya goti kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa, hata kama bei ni nusu.

Nadharia ni hii tu, kisha tuingie kazini. Dawa za aina hii zinaingizwa kwenye viungo tangu 1951, alipoanza Joseph Hollander kule Marekani na haidrokotizoni. Kwa miaka mingi kila mmoja aliamini kwamba mkono wake hauendi kombo. Kisha watafiti wa Uingereza wakachanganya dawa na maji yanayoonekana kwenye eksirei, na matokeo waliyoyatoa 1993 yalionyesha kwamba ni karibu nusu tu ya sindano zilizokuwa zimeingia kiungoni bila shaka. Dublin, 1997, upande wa bega: kati ya sindano 38, zilizofika zilikuwa 14. Hao si stajieri, ni watu wazoefu. Kwa hiyo ukikosa usione haya. Ila usikose bila kujua kwamba umekosa.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Kichupa kimoja cha steroidi (jamii ya kortizoni) inayokaa muda mrefu: triamsinoloni (ndiyo Kenacort) 40 mg, au metilprednisoloni asetati (ndiyo Depo-Medrol) 40 mg (kwa goti kubwa huweza kufika 80). Hii ni dawa nyeupe, poda yake hutulia chini ya kichupa. Kama kilichoko mkononi mwako hakina rangi, ni angavu kama maji ya chemchemi, hiyo ni deksametasoni ya kawaida. Muda wake ni mfupi, usiitarajie kazi ya wiki nyingi.
- Lidokaini ya asilimia 1, isiyo na adrenalini, mililita 5.
- Mabomba matatu: moja la lidokaini, moja la steroidi, moja kubwa la kunyonyea maji.
- Sindano ya kijani (geji 21, urefu wa milimita 40), na nyingine ya kuvutia dawa kichupani. Ya pinki (geji 18) kama goti limejaa maji. Sindano fupi ya bluu iache kwa vidole vya mkono. Kwenye goti la mtu mnene haifiki popote.
- Klorheksidini yenye spiriti au Betadine, kompresi tasa (vipande vya gozi visivyo na vijidudu), glavu, plasta.
- Tyubu tasa ya maabara. Watu huisahau, kisha wanahangaika na bomba lenye maji ya goti wakitafuta pa kuyaweka.
- Kalamu ya bic yenye kofia.
- Adrenalini na kipimo cha presha pale karibu, si kwenye kabati la chumba kingine lililofungwa na mwenye ufunguo ameenda Nyawera.

Nani asipigwe

Goti lenye usaha, au hata lenye shaka ya usaha. Ngozi yenye kidonda, upele au chale mbichi. Hili la chale liangalie vizuri: wagonjwa wengi wamepitia kwanza kwa mzee wa dawa za miti, na mikato midogo iko nyuma ya goti mahali usipotazama. Goti lililovunjika. Goti la bandia. Mwenye homa ambayo hujaelewa inatoka wapi. Mgonjwa wa SS (selimundu) mwenye maumivu makali ya goti mtafutie kwanza kama ni mfupa wenye maambukizi au mfupa uliokosa damu. Goti moja lililovimba polepole kwa miezi, na mtu anakonda, lifikirie kifua kikuu kabla ya kufikiria kortizoni.

Mwenye kisukari hakatazwi, ila sukari yake itapanda kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki nzima. Pima kabla. Ikiwa iko juu sana leo, rudisha goti nyumbani, tibu sukari kwanza. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, uliza matokeo ya kipimo chake cha mwisho cha damu kabla ya kugusa sindano.

Na hili naliandika peke yake kwa sababu linaumiza watu kimyakimya. Mgonjwa anayemeza dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri au kobisistati usimpige triamsinoloni. Dawa hizo huzuia ini kuivunja steroidi. Inabaki mwilini kwa wiki nyingi, uso unavimba, tezi za juu ya figo zinalala. Metilprednisoloni na betametasoni nazo zinapita njia hiyo hiyo ya ini, kwa hiyo usifikiri umekwepa kwa kubadili kichupa. Ongea kwanza na daktari anayemfuata kwa virusi. Wengi hawatakuambia mbele ya shemeji aliyewasindikiza. Mtoe shemeji nje, funga mlango, uliza kwa sauti ya chini, na uliza jina la dawa, si jina la ugonjwa.

Hatua kwa hatua

1. Zungumza naye kwanza. Mwambie kwamba sindano inapunguza maumivu kwa wiki kadhaa, haijengi gegedu upya. Utafiti wa Marekani uliotoka 2020 ulilinganisha sindano na mazoezi ya kine (fiziotherapi) kwa watu wenye goti lililochakaa. Baada ya mwaka, waliofanya mazoezi walikuwa na hali bora. Kwa hiyo namwambia mama: sindano ni ya kukufungulia mlango uweze kufanya mazoezi. Mama anayebeba mzigo kutoka ziwani hadi soko la Kadutu haelewi kwa nini alipe dola ili akatazwe kubeba siku mbili. Usipolisema leo, kesho yake yuko kwenye mteremko na beseni kichwani.

2. Mlaze chali, goti limenyooka. Wengi wenu mnampigia aliyekaa, miguu inaning'inia, kwa sababu ni rahisi kwa mgongo wenu. Njia ya mbele, goti likiwa limekunjwa, inakupitisha kwenye mto wa mafuta ulio chini ya kilegesambwa (pia ya goti), na huko ndiko dawa nyingi zinakozikwa. Mwaka 2002 nchini Marekani walipima sindano 240 kwenye magoti yasiyo na maji: waliopita ubavuni, upande wa nje, katikati ya kilegesambwa, walifika mara 93 kwa 100, waliopita mbele upande wa ndani 75, mbele upande wa nje 71. Mimi napita ubavuni upande wa nje. Mzee mwenye goti lisilonyooka mwekee kitambaa kilichokunjwa chini ya goti.

3. Hakikisha paja limelegea. Shika kilegesambwa, kisukume kushoto na kulia. Kikiwa kinacheza, endelea. Kikiwa kimekaza, mgonjwa anaogopa; muulize habari za watoto, subiri. Paja likikaza, mwanya unafunga kama mlango.

4. Weka alama kabla ya kusafisha. Tafuta ukingo wa nje wa kilegesambwa, ukigawe kwa macho nusu kwa nusu. Shuka nusu sentimita chini ya ukingo, kuelekea kitandani, kwenye ule mfereji laini kati ya kilegesambwa na mfupa wa paja. Kama goti lina maji mengi, panda hadi kona ya juu ya nje, maji hukusanyika huko. Sasa chukua kofia ya bic, bonyeza upande wenye tundu kwenye ngozi kwa sekunde kumi. Itaacha pete ndogo. Wino unafutika na spiriti, pete inabaki.

5. Safisha, kisha acha ikauke. Kuanzia katikati kwenda nje, mara mbili. Betadine inataka kama dakika mbili kukauka. Usiipulize kwa mdomo. Usiipepee kwa kitambulisho chako. Nimeona yote mawili.

6. Ingia na lidokaini, si na steroidi. Hapa ndipo mwongozo wote ulipo. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kinasukuma kilegesambwa kutoka ndani kuja nje, ili ukingo wa nje uinuke. Mwambie "inaingia sasa". Sindano ya kijani ikiwa kwenye bomba la lidokaini inapita sambamba na uso wa chini wa kilegesambwa, ikielekea katikati. Weka tone chini ya ngozi, endelea taratibu. Kwa mtu wa kawaida ni sentimita mbili hadi tatu. Utahisi kitu kama ngozi ya ngoma inayoachia, kisha uhuru. Ukigonga mfupa, rudi nyuma milimita chache, badilisha pembe, usikwaruze.

7. Pima kama umefika. Vuta pistoni kwanza. Maji ya rangi ya mafuta ya kula yakija, umefika, hakuna mjadala. Yasipokuja (na magoti mengi makavu hayatoi kitu), sukuma mililita moja au mbili za lidokaini. Ndani ya kiungo pistoni inateleza yenyewe. Kidole gumba hakifanyi kazi yoyote. Kisha achia pistoni uvute tena: mara nyingi sehemu ya lidokaini inarudi kwenye bomba, kwa sababu iko kwenye chumba kilicho wazi. Ikiwa ilikwenda kwenye nyama au mafuta, hairudi.

   Nikueleze lililonipata mwanzoni. Mama mmoja wa Kadutu, muuza sambaza (dagaa wa ziwani), goti la kulia. Nilikuwa nimechanganya dawa zote kwenye bomba moja, nikaingia kwa mbele, nikasukuma. Pistoni ikakataa. Badala ya kusimama nikaweka kiganja kizima juu yake. Mama akashika ukingo wa kitanda, akasema "Inawaka, muganga, inawaka," mimi nikamjibu kwamba ni kawaida. Haikuwa kawaida. Baada ya miezi miwili alirudi na maumivu yale yale, na pembeni ya kilegesambwa ngozi ilikuwa imepauka na kubonyea, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya bia ya Primus. Steroidi iliyobaki juu hula mafuta ya chini ya ngozi na kuondoa rangi, na kwenye ngozi zetu doa hilo linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

   Tangu siku hiyo, pistoni ikikataa naitii.

8. Badilisha bomba bila kutoa sindano. Shika shina la sindano kwa kompresi au koleo tasa, zungusha bomba la lidokaini litoke. Kama kuna maji, unganisha bomba kubwa uyatoe yote. Mtu wa pili abonyeze upande wa ndani wa goti. Yaangalie kwenye mwanga wa dirisha. Yakiwa safi kiasi cha kusoma maandishi kupitia bomba, endelea. Yakiwa na ukungu, mazito, au usipoelewa: simama, jaza tyubu, peleka maabara, na siku hiyo steroidi inabaki kichupani. Tikisa kichupa kabla ya kuvuta dawa. Unganisha bomba la steroidi, vuta kidogo tena kuhakikisha hakuna damu, kisha ingiza. Ikiwa laini kama lidokaini ilivyokuwa, umemaliza.

9. Suuza njia. Kabla ya kutoa sindano, pitisha nusu mililita ya lidokaini iliyobaki, ili dawa nyeupe isifuatane na sindano hadi chini ya ngozi. Toa, bonyeza kwa kompresi, plasta. Kunja na kunyoosha goti mara chache. Wakati mwingine utasikia sauti ya kubwabwaja ndani, kama kiatu chenye maji; ni ishara njema.

10. Mweke dakika kumi na tano. Kisha mwambie apande ngazi mbili za mlango wako. Lidokaini ikiwa ndani, maumivu yatakuwa yamepungua wazi. Andika kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa): njia uliyopita, dawa, dozi, maji uliyotoa, na neno moja: "iliteleza" au "ilikataa". Neno hilo litakuokoa miezi mitatu baadaye akirudi.

Aende nyumbani kwa moto (pikipiki), asiteremke kwa miguu. Mzigo hapana kwa siku mbili. Sindano nyingine kwenye goti hilo isije kabla ya miezi mitatu, na usiifanye desturi: utafiti wa 2017 uliowapiga watu triamsinoloni 40 mg kila miezi mitatu kwa miaka miwili ulikuta gegedu yao imepungua zaidi kuliko ya waliopigwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana.

Kuhusu ekografi

Mnauliza kama bila ekografi (mashine ya ultrasound) ni bure. Kwa goti, hapana. Mashine nyingi za huku zimenunuliwa kwa ajili ya akina mama wajawazito, na kichwa chake cha mviringo hakikuonyeshi sindano vizuri. Lakini kinakuonyesha kama kuna maji juu ya kilegesambwa, na hilo peke yake linakusaidia kuchagua mahali. Ukipata kichwa cha bapa, kitumie, ukijua umeme unaweza kukatika sindano ikiwa ndani. Ndiyo sababu alama ya kofia ya bic naiweka hata nikiwa na mashine.

Kwa bega mambo ni magumu zaidi; tathmini ya Cochrane ya 2012 haikupata ushahidi wa kutosha kwamba kuongozwa na picha kunampa mgonjwa nafuu zaidi. Ukiwa huna mashine, pita nyuma: sentimita mbili chini ya kona ya nyuma ya mfupa wa juu wa bega na moja kuelekea ndani, ukilenga ile ncha ya mfupa (korakoidi) unayoipapasa mbele. Kanuni ya pistoni ni ile ile. Nyonga usiiguse bila picha. Mshipa mkubwa wa damu na neva ya paja viko pale pale, na kiungo kiko mbali. Mpe rufaa.

Mambo yakienda kombo

*Pistoni inakataa.* Zungusha sindano robo mzunguko bila kusogea. Huenda ncha imelalia gegedu au utando. Bado? Rudi milimita mbili. Bado? Toka, pumzika, anza upya na sindano mpya. Mara mbili zinatosha kwa siku moja.

*Damu inakuja.* Michirizi myekundu kwenye maji ni ya sindano yako, kawaida. Damu tupu bombani, simama. Uliza juu ya ajali, dawa za damu, na ndugu wanaotoka damu hovyo. Matone ya mafuta yakielea juu ya damu, tafuta mfupa uliovunjika.

*Anatoka jasho na macho yanageuka.* Toa sindano, inua miguu, pima presha na mapigo. Mara nyingi ni woga. Ikiwa kuna vipele, midomo kuvimba au pumzi ya shida, hiyo ni aleji: adrenalini kwenye msuli wa paja, usingoje.

*Goti limevimba usiku ule ule.* Chembechembe za dawa huwasha utando. Barafu kama ipo, au kitambaa cha maji baridi, na parasetamoli. Huisha ndani ya siku mbili au tatu.

*Siku ya nne, goti linazidi, na homa.* Hilo ni usaha mpaka ithibitishwe vinginevyo. Arudi siku hiyo hiyo, hata Jumapili. Nyonya, peleka maabara, ndipo antibiotiki. Usimtibu kwa simu.

*Hakupata nafuu hata dakika kumi na tano za kwanza.* Ama hukuingia, ama goti siyo chanzo. Soma fishi. Kama uliandika "iliteleza", pima nyonga: nyonga mbovu hupenda kulia gotini, hasa kwa kijana wa SS.

*Alipata nafuu saa mbili, maumivu yakarudi.* Hiyo ni lidokaini iliyoisha. Steroidi inachukua siku chache. Mwambie hivyo kabla hajaondoka, la sivyo atakupigia saa tatu usiku.

*Doa jeupe na tundu kwenye ngozi.* Mwambie ukweli kwamba ni dawa iliyobaki juu. Mara nyingi rangi hurudi polepole, kwa miezi. Piga picha kwa simu kila anapokuja, usipige tena hapo. Doa la mama wa sambaza lilichukua zaidi ya mwaka. Tundu dogo bado lipo, na kila akija kliniki hupandisha kitenge anionyeshe kwanza goti hilo, kisha ndipo anasalimia.